Wimbo Alionitunzia Bibi

Susuni, Jumapili jioni. Mvua ilitukuta kanisani ikatushikilia humo mpaka mchungaji akakosa la kuongeza. Sasa imekatika. Nimekaa kwenye kigoda nyumbani kwa jirani mwenye sola, simu imechomekwa ukutani, naandika haya kwa kidole gumba. Moyo wangu si mzuri.

Keshokutwa Bibi anapasuliwa shingo huko Mwanza.

Niseme vizuri, kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza. Bibi ana rovu, ule uvimbe wa shingoni. Amekuwa nalo tangu nikiwa mdogo, tumelizoea kama tulivyozoea masikio yake, na halikuwahi kumsumbua mtu. Mwaka huu limekua kwa ndani. Akilala chali pumzi inapiga mluzi. Akipanda kilima kutoka mtoni anasimama njiani na kujifanya anatazama mahindi ya watu. Daktari alisema litolewe, halina tena kungoja. Kisha akasema jambo la pili, taratibu, akinitazama mimi badala ya mgonjwa: mshipa wa sauti unapita nyuma ya rovu hilo. Wengi wanatoka na sauti zao. Kwa rovu kubwa namna hii hawezi kuahidi.

Bibi aliitikia kama mtu aliyeambiwa sukari imepanda bei. Mimi ndiye niliyetoka nje kulia.

Sauti ya Bibi si sauti ya kawaida. Sijui niielezeje bila kuonekana najisifia wangu. Harusi yoyote ya huku, mwari akishatoka ndani, watu wanamtafuta yeye kwanza kabla ya kumtafuta mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi. Na haimbi wimbo wa kila mtu. Kila bibi harusi anamtungia wake, wenye jina lake, watu wake, na kasoro yake moja ya kuwachekesha wageni. Anautunga miaka kabla, anautunza kichwani, anautoa siku hiyo na hautoi tena.

Mama yangu aliimbiwa miguu. Kwamba anakuja na miguu mikubwa, na nyumba ilikuwa inatafuta pa kusimama. Mama akisimulia hili hucheka, halafu anajifuta macho kwa kanga.

Aliyemwimbia ndiye aliyemwoa. Watu wa mbali wakisikia huuliza mara mbili, lakini huku kwetu nyumba ntobhu ni jambo la siku zote. Bibi hakujaliwa mtoto, mumewe akafariki, akatoa ng'ombe akaoa mwanamke wa kumzalia ili nyumba isipotee. Mama akamzalia mimi peke yangu, Robi, tena wa kike. Bibi hajawahi kulalamika nikamsikia. Wanaolalamika ni shangazi zangu, na siku hizi wanalalamika kwamba nimepita thelathini bado nimekaa Nkende na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni ya kuingizia watu nyimbo. Una flashi, una memori kadi, unakuja kibandani kwangu nakujazia. Miaka yote nilijaza walichotaka watu, na walichotaka ni wanaume wakiimba kuhusu wanawake. Sikuwa na tatizo nalo. Mpaka siku moja akaja dada mmoja anayeuza mitumba Sirari, wa upande wa pili wa mpaka, akanitupia flashi mezani.

"Niwekee wanawake pekee. Hawa wanaume wamenichosha kabisa."

Nikacheka. Halafu nikatafuta kwenye mafaili yangu nikaona aibu, maana wanawake niliokuwa nao hawakujaza hata robo. Waimbaji wa injili, wale wa bongofleva wanaojulikana, basi. Nikamwambia arudi Jumamosi.

Ndipo nilipopotea. Nilianza na taarabu, nikaingia rumba ya Kongo, nikakutana na mama mmoja anayeimba kama anakunong'oneza huku anatazama mtu mwingine. Nikavuka kwenda Mali, nikakuta wanawake wanaimba ukoo mzima wa mtu bila kuvuta pumzi. Nikafika kwa Wamarekani weusi wa zamani, wa blues, rekodi zinakwaruza kama mtu anakaanga dagaa nyuma yao, na bado sauti inakufikia. Sikuelewa lugha hata moja. Jioni nilifunga kibanda nikabaki ndani na spika ndogo, nimejishika mashavu. Nilikuwa wapi siku zote hizi?

Yule dada wa Sirari alipata flashi yake. Nilijitengenezea na mimi.

Wiki hii nilipokuja kukaa na Bibi kabla ya safari, nilikuja na wanawake wangu wote ndani ya simu. Nilifikiri watamliwaza. Nilimvisha ispika za masikioni, akaziogopa kidogo, baadaye ikawa kuzivua ni ugomvi. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anatoa hukumu.

Mama wa taarabu: "Huyu ana neno na jirani yake." Yule wa rumba: "Huyu anajua anatazamwa." Wa blues alimsikiliza mara mbili, akasema amefiwa na mtu ambaye hakumpenda sana, na kufiwa hivyo ni kubaya. Binti mmoja wa siku hizi, maarufu mno, alimkatisha katikati. "Huyu ameimbiwa na mashine."

Kwa mwanamke wa opera alishtuka akauliza nani amemchoma. Nilipotaka kumtoa akanishika mkono. Nikamweleza kwamba wale hujaza ukumbi mzima kwa sauti yao bila kipaza sauti. Akanitazama kwa heshima, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiimba.

"Huyo ni mtu wa kuita ng'ombe. Mwache aimbe."

Na hapo ndipo wazo lilipoanza kunitesa. Nina wanawake wa nchi ambazo hata kwenye ramani ningezitafuta. Bibi sinaye. Amemaliza harusi zote hizi na hakuna aliyemrekodi vizuri. Kuna video moja ya binamu yangu, vumbi na vigelegele, yeye anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Alhamisi nikamwomba. Nikamwambia Bibi, niimbie hata mmoja, niuweke humu pamoja na wenzako.

"Mwari yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna mwari, Bibi. Imba tu."

"Ng'ombe ziko wapi? Niimbe hapa jikoni, watu wapite waseme kichwa cha huyu mzee kimelegea?" Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, bila kunitazama, "Uliobaki ni mmoja tu. Ni wako. Nikiutoa leo, siku yako nitatoa nini?"

Sikuwa najua. Yaani nilijua kwamba atanitungia, kila mtu anatungiwa, ila sikujua kwamba wimbo tayari upo. Umekaa kichwani mwake, una jina langu, una kasoro yangu, na keshokutwa mtu anapita na kisu karibu na mlango wake.

Tangu Alhamisi sijatulia.

Ijumaa nilifanya ujinga. Nilimwambia nimepata mchumba, mtu wa Mbalibali, kwamba tumeshaelewana, labda aanze kujizoeza. Niliona nimepanga vizuri. Bibi akaacha ungo, akageuka mwili mzima.

"Wa ukoo gani?"

Sikuwa nimefika huko.

"Mama yake ametoka kwa nani?"

Nikasema nitauliza. Bibi akanitazama, pembe za mdomo zikaanza kumcheza. "Robi, mtu wa Mbalibali asiyekuwa na ukoo wala mama? Huyo umemtoa kwenye kompyuta." Akacheka. Mama naye huko nje akacheka, maana alikuwa anasikiliza ukutani. Bibi alicheka mpaka pumzi ikamkwama, ikaanza ule mluzi, macho yakamtoka, tukamwinamisha mbele na Mama akampepea kwa mfuniko wa sufuria. Ilirudi. Ilichukua muda, lakini ilirudi.

Baada ya hapo sikuomba tena wimbo. Ningeomba kwa mdomo upi?

Nataka niandike hili wazi kwa sababu hapa hakuna anayenijibu: sina la kufanya. Nikisema asipasuliwe, nitampoteza mwenyewe. Akipasuliwa, pengine ninapoteza sauti. Mume siwezi kumpata kabla ya Jumanne, na hata ningempata, ningeolewa ili nirekodi? Nimezoea kazi ambayo kila kitu kina nakala. Ukipoteza flashi unarudi nakujazia. Bibi hana nakala popote.

Leo baada ya mvua Mama alikwenda kukamua. Mimi nilikaa nyuma ya jiko naosha vyombo. Bibi alikuwa kwenye kibaraza, ungo wa ulezi mapajani, ispika masikioni, simu yangu ameifunga kwenye pindo la kanga. Anapeta, anatingisha kichwa, anapeta. Nikajua yuko kwa mwanamke wake wa opera.

Kisha akaanza kuvumisha wimbo puani.

Mnajua mtu aliyeziba masikio anavyoimba, hajui kama anasikika. Nilidhani ndivyo ilivyo. Mwanzo ilikuwa mvumo tu, ukifuata mpeto wa ungo. Halafu maneno yakaingia, ya Kikurya, na katikati ya maneno nikasikia Robi.

Niliganda na sufuria mkononi, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Simu ndiyo hiyo iko kiunoni kwake. Ya Mama ni kitochi, na kiko zizini pamoja naye. Nikisogea atanyamaza. Nikikohoa atanyamaza. Kwa hiyo nilisimama. Wanawake wote wale wa dunia nimewasikia kwa spika, naweza kuwarudisha nyuma nikitaka. Huyu alikuwa anapita mbele yangu mara moja, na sikuwa na chochote cha kumshikia isipokuwa masikio.

Sauti yake haikuwa ile ya harusini. Ilikuwa nyembamba, inachagua pa kupita, ikifika pa juu inapasuka kidogo na yeye anaiacha ipasuke. Ni nzuri kuliko zote nilizonazo. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu.

Na nimejua kasoro yangu. Nilikuwa na hakika ni ukaidi, au kompyuta. Ni kuchelewa. Ila hakuimba kama shangazi zangu wanavyosema. Aliimba hivi: msimharakishe, hata kuzaliwa alichelewa, na tulipomngoja tulimpata.

Nilikaa chini kwenye tope.

Ulipokwisha alipeta mara nyingine mbili tatu, akapuliza makapi, akavua ispika akazikunja vizuri kama nilivyomfundisha. Mimi nikajipangusa uso haraka nikajitokeza, nimebeba sufuria kama mtu mwenye kazi nyingi.

"Chukua simu yako," akasema. "Imekwisha moto."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi wapi. Imezima zamani, yule mama wa kuita ng'ombe hakumaliza hata kuita."

Akanyanyuka na ungo wake akaingia ndani. Nilibonyeza kila mahali. Kweli ilikuwa imekufa.

Kwa hiyo muda wote ule masikioni mwake kulikuwa kimya, na mimi nyuma ya jiko, kabla sijaganda, nilikuwa nagonganisha vyombo kama mwendawazimu. Alijua nipo. Sitamuuliza, naye hatasema, na kesho asubuhi gari likija tutapakia kanga na blanketi kana kwamba hakuna kilichoimbwa.

Simu imeshapata moto wa kutosha. Nimejaribu kuuvumisha ule wimbo hapa mbele ya jirani, mwanzo naupata, pale kati unanikimbia. Maneno ninayo yote. Nimewaandikia haya machache tu. Mengine sitayaandika hapa, siku yake haijafika.