Moto wa Msiba wa Tusekile

Ibaba, Jumatano, Septemba 1938

Mama mkwe ameondoka bila kuniaga, na simlaumu.

Mimi karani ndiye niliyeisoma ile sheria barazani mwezi uliopita. Moto wa uani uwashwe mbali na nyumba ya nyasi, ndani ya shimo linalofika goti, na upepo ukianza ufukiwe hapo hapo. Watu waliitikia vizuri, maana kiangazi cha mwaka jana majirani watatu waliunguliwa na nyumba kwa sababu ya cheche.

Sikuufikiria moto wa msiba. Huo hauzimwi mpaka matanga yaondolewe, na leo ni siku ya pili tu tangu tumzike mke wangu, Tusekile.

Jioni upepo ukashuka kutoka mlimani. Nikaona cheche zikivuka paa la jirani, paa kavu kama karatasi. Wafiwa wote wakanigeukia mimi. Baba mkwe akasema polepole, "Mkwe, sheria uliisoma wewe."

Nilitaka aseme mtu mwingine yeyote, aseme tuuache.

Nikachukua jembe lililoegemea ukuta, nikafukia. Moshi ulitoka kidogo kwenye udongo, kisha ukakoma. Mama mkwe akainuka mkekani, akajifunga kanga yake.

"Sasa umemzika mara mbili," akasema.

Nyumba zimepona, najua. Ningefanya nini, lakini...

Nilipolirudisha jembe ukutani ndipo nikaona udongo mwekundu wa juzi, ule wa kaburini, bado umeganda kwenye mpini.