Mwendo wa Mama Ryoba

Nyamongo, 4 Mei 1996

Shemeji Mama Ryoba,

Nilikukosea. Natanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu, najijua, nitaishia kwenye salamu. Sasa shikamoo. Hamjambo huko Susuni? Mahindi yameota? Sisi tupo, tumechoka tu.

Ile siku niliyoamuru ukaguliwe pale shimoni, sikuwa nimekuona ukificha jiwe lolote. Niliona mwendo wako tu. Ulikuwa na karai la mawe kichwani, unayumba upande, mguu wa kulia umeutupa nje. Sisi wasimamizi tulifundishana hivyo, kwamba mwanamke akitembea namna hiyo amefunga jiwe la dhahabu pajani. Nikakufokea, "Tembea kama watu." Hukukutwa na kitu, na bado nikakufukuza, maana wanaume walikuwa wanacheka, nami sikutaka nionekane namtetea mjane wa kaka yangu.

Sasa goti langu nalo limeanza. Daktari alinitembeza mbele yake, kwenda na kurudi. Akasema ule utando mgumu kati ya mifupa umelika upande wa ndani, goti linapinda, na kila hatua uzito unaangukia palepale palipolika. Basi mwili unajitafutia nafuu, unaegemea juu ya mguu unaouma na kugeuza vidole nje, ili goti lipungukiwe mzigo. Nikiwa bado nimesimama pale nikakuona wewe.

Nisamehe.

Shemeji yako,
Waitara


Susuni, 25 Mei 1996

Shemeji Waitara,

Marahaba. Pole na goti. Sisi wazima, mahindi yameota, mvua ndiyo inasitasita.

Unajua uliponifokea nilikutii? Kutoka pale hadi barabarani niliunyoosha mguu, nikatembea kama watu. Goti likavimba kama kibuyu. Siku hizi napalilia nimekaa chini, najisogeza kwa makalio.

Lakini goti nimelizoea. Kinachonichosha ni jina. Mwezi uliopita Lilian wangu alikwenda huko kuomba kazi ya kupikia wachimbaji. Machage, huyo mwenye shimo lenu, akamwambia mbele ya watu, "Mama yako alitembea vibaya hapa. Wewe utatembeaje?" Wakacheka. Mtoto amerudi bila kazi.

Msamaha wa karatasi nausoma peke yangu, shemeji. Walioniona nikifunguliwa kanga hawausomi.

Mke wa kaka yako,
Mama Ryoba


Nyamongo, 20 Juni 1996

Shemeji,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Lilian?

Nimechelewa, na basi la barua halina kosa. Niliogopa. Kwanza nilijaribu njia rahisi, nikamwambia Machage pembeni, tukiwa wawili. Akacheka, "Achana nayo bwana, nani anakumbuka?" Wakati mtoto wako anakumbuka.

Jumamosi tarehe 29, asubuhi watu wakipokezana zamu, nitasimama mdomoni mwa shimo, mahali penyewe. Nitatembea mbele yao kwa mwendo huu wangu, ambao sasa ni kama wako, nikutaje kwa jina lako, niseme kwa sauti: Felista hakuiba, mimi nilimsingizia. Wakitaka kunikagua, wanikague. Kisha nitamwomba Machage, wote wakisikia, ampe Lilian ile kazi. Akikataa, usimamizi wake namwachia hapohapo.

Usije, kile kilima kitakuumiza. Esta muuza uji atakuwepo. Jumapili tarehe 30 atakuja kwako yeye, siyo mimi, akueleze nilivyosema na nilichoacha kusema.

Shemeji yako,
Waitara