Maili Zote Hadi kwa Innes

Stromness, Jumapili alasiri

Tena usinicheke, Dada Ishbel, maana yale uliyoniambia kwenye simu, kwamba nina miguu ya kuku, yamenifuata wiki nzima. Hujambo lakini? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Mimi sijambo, na Innes wangu naye ni mzima huko baharini kwenye mtambo wa mafuta. Zimebaki wiki mbili arudi. Miezi minane ya ndoa, Dada, na bado nikiona soksi zake kwenye kamba moyo unaniruka.

Basi jana niliendesha ile baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, ukumbini mwa kanisa. Watu hutoa pesa kwa kila maili, nasi tunachangisha za chumba cha jamaa za wagonjwa wanaopelekwa Aberdeen, ng'ambo ya bahari, ili mtu wa visiwani asilale hospitalini bila wa kwao karibu. Nilichagua maili mia na ishirini, kwa kuwa ndio umbali wa kutoka kitandani kwetu hadi kwa Innes. Kila mtu alisema hayo ndiyo mapenzi. Na ni mapenzi kweli.

Utaratibu wao ni kwamba mwendeshaji haachwi peke yake. Kila saa huja shahidi, akaketi kwenye kiti pembeni, akaandika maili daftarini na kutia sahihi. Walijiandikisha kumi. Alianza mzee Magnus, baharia mstaafu wa kivuko, akaniambia nimekanyaga weee na bado niko palepale mlangoni mwa choo. Mke wa mchinjaji alinilisha keki ya tangawizi kwa mkono wake kama kinda. Mwalimu mmoja alinisimulia talaka yake yote. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi.

Saa ya tisa ya kukanyaga ikawa zamu ya Bibi Thora Rendall, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na nyuzi zake za sufu za kufuma. Maili zikatimia mapema. Watu wakapiga makofi, wakaanza kukunja viti. Mimi nikaendelea kukanyaga. Wakasema, mtazameni bibi harusi, ana moyo huyu. Mapaja yaliwaka moto, na machozi yaliponitoka nikasema ni jasho.

Sasa nikwambie ukweli niliokuficha tangu harusi. Nilikuandikia kwamba nyumba yetu haiishi wageni. Hakuna aliyewahi kubisha hodi, ila mleta barua. Innes akiondoka naweza kumaliza siku nne bila kusema neno. Nilijiandikisha kwa ajili ya kile kiti cha shahidi, Dada. Shahidi wa kumi alikuwa hajaja, nikaogopa kwamba nikishuka hatakuja tena.

Bibi Thora akaweka sindano chini, akanishika mkono kwenye usukani.

"Shuka, mwanangu," akasema polepole. "Mimi nitakaa na wewe hata bila baiskeli."

Akaniuliza kwa nini sikuwahi kumgongea. Yeye, kumbe, alikuwa akisikia redio yangu kila jioni na kudhani nina watu.

Leo mchana amekuja, akakaa, akaondoka. Kikombe chake bado kiko mezani, sijakiosha. Nyumba imenyamaza tena, ila redio sijaiwasha.

Msalimie Mama sana. Innes usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda kivuko nije kwako, pamoja naye au peke yangu, nawe uniwekee kiti.

Mdogo wako akupendaye,
Shona