Dakika Arobaini za Angani

Jumatatu, tarehe 3

Binti yangu,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa. Marahaba! Mimi na mama yako wazima, ila mgongo wangu na cherehani bado hawajapatana. Ninyi hamjambo? Mjukuu wangu je?

Tiketi ya ndege ya kuja kwenu nimekata, ya Jumamosi! Basi ni kutwa nzima. Ndege ni dakika arobaini, karani kaniapia. Ila jirani yetu kinyozi alipanda juzi, anasema walikaa hewani saa nzima na ushee. Wewe ndiye mwongoza ndege huko mnarani, hebu niambie: uwanja wenu umehamishwa, au kinyozi ni yuleyule wa siku zote?

Baba yako, fundi

Jumanne, tarehe 4

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mtoto anatambaa, hakisalimiki kitu.

Uwanja uko palepale. Ndege ile inachelewa siku hizi, kila wiki zaidi kidogo. Wanasema ni upepo. Tusiyaandike sana hayo, mkubwa wangu hapendi maneno.

Ila Baba, panda basi. Presha yako haifai kupelekwa juu kule.

Binti yako

Jumatano, tarehe 5

We mtoto!

Salamu baadaye. Miaka yote nashona suruali za wasafiri, leo zamu yangu imefika, unaniletea habari za presha? Dawa nameza. Kuna nini?

Baba

Alhamisi, tarehe 6

Baba, shikamoo. Usinikasirikie.

Hakuna kitu. Ni presha tu. Nakupigia magoti, usipande.

Binti yako

Jumamosi, tarehe 8, stendi

Mwanangu,

Umeamkaje? Haya, umeshinda, niko ndani ya basi. Ila tiketi ningeitupa? Mimi hata kipande cha kitambaa situpi! Karani kafuta jina langu, kaandika la mama yako. Yeye hana presha wala kisukari, na mjukuu hajamwona. Nimemsindikiza hadi uwanjani, kabeba nguo za mtoto nilizoshona, anacheka kama bibi harusi. Alitaka iwe siri, lakini mdomo unaniwasha. Mpokee vizuri. Njiani hakuna mtandao, tutaonana jioni.

Baba

Jumamosi, tarehe 8, mnarani

Baba,

Ujumbe wako nimeuona sasa hivi.

Haikuwa presha. Injini moja ya ndege ile inachoka. Sote hapa tunajua, tukaambiwa tufunge midomo, nami nikaogopa kibarua changu kuota nyasi. Nikakuokoa wewe tu. Wale wengine nikawaacha wapande, Baba, na mama yumo.

Dakika arobaini zimepita zamani. Hata ile saa na ushee ya kinyozi imepita. Namwita rubani, haitikii. Bado naita.

Ukishuka kwenye basi, usiende nyumbani. Njoo uwanjani.

Binti yako