Sketi Iliyokataa Kupiga Magoti

Mpendwa Mama Jedidah,

Nakuandikia nikiwa nimesimama kwa sababu sketi niliyovaa hainiruhusu kukaa vizuri, na nikisema hivyo nimeshakuambia karibu tatizo lote, lakini nivumilie nilieleze, maana gazeti lako hutoka Jumatano, na Jumapili inayofuata wazee wa upande wa mchumba wangu watakaa kuamua kama waje kuniposa kwa baba yangu mdogo, Severino, au waachane na habari yangu.

Nilitoka nchi hii nikiwa mgongoni mwa mama. Nikasoma Kenya, kwanza kambi ya wakimbizi ya Kakuma halafu Eldoret, na baada ya mkataba wa amani nikarudi Juba nikapata kazi ya kutafsiri katika ofisi moja hapa Thongpiny. Miaka yangu yote ya shule nilivaa nguo za msaada, na sisemi kwa kunung'unika, zilitufunika na tulishukuru, lakini kila gauni lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, mama fulani mpana wa nchi ya baridi, nami nilitembea ndani yake kama mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba kubwa asijue akae wapi. Nikajiapia kwamba siku nikipata mshahara wangu nitavaa kitu kilichokatwa kwa kipimo changu na si cha mwingine yeyote.

Basi nikampata Sanyu, fundi Mganda mwenye cherehani yake pale sokoni Konyo Konyo, na tangu hapo hatuelewani isipokuwa mwishoni.

"Punguza tena hapa," namwambia.

"Mimi nikipunguza tena, dada, wewe utapumua saa ngapi?"

"Jioni."

"Na mpasuo nyuma? Hata kidogo tu?"

"Hapana. Sketi hii ni ya ofisi, na Jumapili ni ya kanisa."

"Sasa utakaa namna gani?"

"Nitasimama."

Anatikisa kichwa, anapunguza. Asubuhi Edrine, kijana wa bodaboda anayenipeleka kazini, ananingoja na kuniuliza, "Madam, leo nakubeba kama mtu ama kama mbao?" nami napanda upande, nimenyooka, nimeshikilia chuma cha nyuma, na kweli nafanana na mbao. Kiunoni nina alama ya zipu, joto likizidi napata upele, na mvua ikinyesha nazunguka njia nzima kutafuta daraja kwa sababu siwezi kuruka mtaro ambao hata mbuzi wanauruka. Haya yote ninayajua. Lakini nikipita mbele ya kioo cha duka na kuona umbo langu, Mama Jedidah, naona mtu mmoja mwenye mwanzo na mwisho, na mtu huyo ni mimi, na siwezi kukueleza jinsi jambo hilo linavyonituliza.

Sasa sikia nilichofanya. Mchumba wangu, Lokosang, ni mwalimu wa hesabu, mpole, na Jumapili iliyopita alinipeleka mtaa wa Hai Malakal nikamsalimie mama yake kwa mara ya kwanza. Mama huyo hakuondoka Juba miaka yote ya vita. Nilivaa sketi yangu ya kijivu, ile bora. Wanawake walikuwa wamekaa chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi cha uani, mama yake na shangazi yake Helen na majirani wawili, na kabla ya chakula dada yake Lokosang, Viola, akaniwekea mkononi birika na beseni, kwa kuwa msichana anayetazamwa ndiye anayewanawisha watu wazima mikono, na wewe unajua kwamba kazi hiyo hufanywa kwa kupiga magoti.

Nikaanza kushuka. Sketi ikashuka nami kidogo halafu ikakataa. Nikabaki katikati, nimepinda kama mtu anayetafuta kiti ambacho hakipo, nikasikia uzi mmoja ukikatika nyuma, na kwa hofu nikasimama wima na kumimina maji kutoka juu. Yaligonga beseni yakaruka, yakalowesha nguo ya shangazi Helen kuanzia begani alipoifunga hadi mapajani. Viola akasema "malesh, malesh," yaani samahani, huku akimpangusa na kuuma midomo asicheke. Helen akatazama juu kwangu, akatazama mbingu, akasema, "Leo tumenawa kwa mvua."

Wote wakacheka isipokuwa mama yake Lokosang. Yeye aliyatazama magoti yangu, akaniuliza taratibu kwa Kiarabu cha hapa, "Binti, magoti yanauma?" Nami, ninayelipwa kila mwezi kwa kusema maneno ya watu wengine, sikupata neno langu hata moja. Nikatabasamu, nikaenda kwa anayefuata, nikamnawisha vile vile nikiwa nimesimama.

Kesho yake Lokosang akaniambia mama yake amesema hivi: "Waliokwenda wamerudi warefu. Hawainami tena." Na shangazi Helen anawaambia wajomba kwamba nawadharau. Nimeitwa nifike tena Jumapili asubuhi, nisalimie kabla wazee hawajakaa, na kila mtu ana ushauri wake. Lokosang anataka tuseme kwamba kweli ninaumwa magoti, nilianguka kwenye boda. Mke wa baba mdogo ameniletea gauni lake pana la maua, linalonitosha mimi na yeye tukiwa ndani pamoja, na nilipolijaribu nilirudi Kakuma palepale, nikalivua. Rafiki yangu wa kazini, Angella, anasema niende na sketi ile ile: "Ukiwapigia magoti mwaka huu, mwaka ujao watataka ulale kifudifudi."

Na kuna jambo sijamwambia yeyote. Siku zote hizi najiuliza kama kweli ni sketi peke yake. Eldoret tulisalimiana kwa mikono, tumesimama, mkubwa na mdogo. Labda hata ningevaa shuka nisingepiga magoti, na sketi imenipa tu mahali pa kujificha. Sijui, na kutojua kunaniumiza kuliko zipu. Nampenda Lokosang na sitaki kumpoteza, ila sitaki pia kumpata nikiwa ndani ya gauni la mtu mwingine. Nivae nini, na niseme nini?

Wako,
Aliyebanwa, Thongpiny

* * *

Binti yangu Aliyebanwa,

Kwanza fungua zipu ukae. Unasoma gazeti tu, hakuna anayekutazama.

Nimecheka, sitakuficha, na mpiga chapa wetu amecheka, na jina lako tumelificha ingawa nusu ya Hai Malakal watakutambua kwa yale maji. Kisha nikafika kwenye gauni la yule mama wa nchi ya baridi, nikaacha kucheka. Mtoto aliyevaa miili ya wengine utoto wake wote ana haki ya kutaka nguo inayomjua. Usikubali mtu akuambie hayo ni majivuno. Hiyo sehemu nakupa bila masharti.

Sasa nikugombeze. Umehangaika kupata nguo ya kipimo chako, ukamzuia fundi asipime nusu yako. Sanyu alikupima ukiwa umesimama kama mti wa umeme, na wewe ukaona inatosha. Je, kipimo chako ni hicho tu? Wewe hukai? Hupandi boda, huruki mtaro, huchuchumai kuosha vyombo, hushibi? Goti lako nalo ni lako, na likikunjwa linahitaji kitambaa. Unasema ndani ya sketi hiyo unajiona mwenyewe. Unaona picha yako, binti, na picha haina haja ya kupumua.

Kuhusu uongo wa magoti, mwambie mwalimu wako wa hesabu kwamba hesabu hii ameikosea. Ukisema magoti yanauma, utaolewa na ugonjwa huo. Shangazi Helen atakuletea mafuta ya kuchua, mama mkwe atakukataza kubeba maji, na mtoto wako akichelewa kutembea watakaa kikao juu ya magoti yenu wote wawili. Lokosang ni mpole, nimeliona hilo, lakini upole wa kutunga ajali ya boda ni woga. Mpende, ila usimfuate hapo.

Angella naye amekutakia mema, lakini si yeye anayeposwa. Na gauni la maua lirudishe kwa mwenyewe, kwa asante nyingi na likiwa limepigwa pasi. Ukilivaa Jumapili watakuona mnyenyekevu na wewe utajiona umekodiwa, na ndoa haianzi hivyo.

Nije kwenye jambo kubwa. Mama yake Lokosang alikuuliza kama magoti yanauma. Wewe umelisikia hilo kama aibu. Mimi nimelisikia kama mlango. Mbele ya wifi yake aliyelowa na majirani wanaocheka, yule mama alikutafutia sababu ya heshima, akakupa nafasi ya kusema neno, na wewe ukatabasamu ukapita. Hapo ndipo ulipomkosea. Sketi ilikosa nafasi tu, ulimi wako ulikuwa na nafasi yote. Na fikiri yeye ni nani. Amebaki hapa, amezika watu hapa, na sasa sisi sote tunarudi na kufika, huyu kutoka Khartoum na tobe lake la kujitanda, huyu kutoka Kampala na gauni lake la gomesi, wewe kutoka Eldoret na sketi yako, na kila mmoja anapita mbele yake kama anayemwonyesha alikokuwa. Anachotaka kujua ni kimoja: huyu aliyerudi ananiona au ananipita juu? Wewe ulimmwagia jibu baya bila kukusudia.

Swali lako la siri, kwamba labda usingepiga magoti hata ukiwa na shuka, ni swali la mtu mwenye akili na sitakujibia. Nitakuambia tu kwamba kwa sasa huna jibu kwa sababu huna uhuru wa kuchagua. Anayeweza kupiga magoti akabaki amesimama, huyo amesema jambo. Anayeweza akapiga, naye amesema jambo. Asiyeweza hajasema kitu, nguo yake imemsemea. Jipe kwanza uwezo wa kuchagua, halafu magoti yako yatakuambia yenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii nenda Konyo Konyo. Mwambie Sanyu akushonee sketi iliyokaa kiunoni na nyongani kama unavyopenda, asipunguze heshima ya umbo lako hata kidogo, kisha kuanzia chini ya nyonga aachie marinda yafunguke ukitembea na yajifunge ukisimama. Achague pamba, maana bila shaka ni bitana ya kitambaa cha plastiki inayokupa upele. Na usitoke dukani kwa kujitazama kwenye kioo tu. Kaa kwenye benchi lake, chuchumaa, panda boda miguu pande mbili, piga magoti palepale mbele ya cherehani watu wakikutazama. Pale inapokubana, hapo ndipo pa kufungua mshono. Mlipe vizuri, na umwombe radhi kwa mabishano yote yale.

Halafu usingoje Jumapili. Ijumaa ukitoka kazini nenda Hai Malakal peke yako, bila Lokosang, kwa viatu visivyo na visigino, mguu wako ukanyage udongo kama miguu ya wenyeji. Mkute akichambua mboga au akipika, ukae karibu naye, chini, mahali alipokaa yeye, ufanye anachofanya. Kisha mwambie kwa Kiarabu chako, hata kikiwa kibovu: "Mama, uliniuliza magoti, sikukujibu. Hayaumi. Nilivaa sketi ya kubana, nikaona aibu." Mwambie na habari ya nguo za msaada. Hilo gauni la mama mpana atalielewa haraka kuliko unavyodhani, kwa maana vita vyake navyo havikumuuliza kipimo. Na usiondoke bila kumpelekea shangazi Helen kitambaa kipya, ukakabidhi mwenyewe, ukae mbele yake aseme yote anayotaka kusema. Atasema mengi. Mwache.

Jumapili usiiogope. Wazee watakohoa, watazunguka, watataja ng'ombe na mababu, na mwishowe watatangaza kile ambacho mama amekwisha kukiamua jikoni. Jumapili ni yao. Ijumaa ni yako na yake, na sketi bado haijakatwa. Ondoka sasa, Sanyu asije akafunga.

Mama Jedidah