Ouko, Pampu Yangu Nimeiona

Ouko, omera, ndugu yangu,

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichogombana kwacho miaka yote, wewe Mjaluo wa Ndhiwa na mimi Mkuria wa Kegonga. Sijaja kukulilia. Nilikulilia siku tuliyokuzika, watu wakaona, yatosha. Leo nina neno nawe.

Tangu uondoke, lori limekataa kazi. Asubuhi haliwaki mpaka nilibembeleze, likiwaka linatoa moshi mweusi hadi watoto wa shule wanaziba pua, na nikilipakia mahindi linaishiwa nguvu kwenye mlima mdogo tu. Wa kwanza niliyemshuku alikuwa yule wa kituo cha mafuta. Nikasema huyu anachanganya dizeli na mafuta ya taa. Nikahama kituo, moshi ukabaki. Wa pili alikuwa dereva niliyemwajiri mgongo uliponisumbua, na huyo hakumaliza hata wiki mbili. Mwishowe nikakubali kwamba njia yote ya mafuta imechoka, toka tangi hadi nozeli, na fundi aliyekuwa akiijua, wewe, yuko chini ya udongo.

Nikalipeleka kwa Salim, fundi wa pampu pale Homa Bay mjini. Nikafanya kama nilivyokuwa nikifanya kwako: nikatafuta stuli, nikakaa mbele ya mikono yake. Wewe ulikuwa ukinicheka, "Mwita, unaniangalia kama askari wa border! Kuku ukimchunguza sana hutamla." Lakini ulijua kwa nini. Fundi gani asiyeweza kukunyofolea nozeli nzima akakuwekea mbovu, ukigeuka tu kupiga chafya? Ndiyo maana kila chuma cha lori langu nimekikwaruza kwa msumari, mistari mitatu mahali pa kificho.

Salim akashusha tangi, likatoka tope la miaka. Akapuliza mabomba kwa upepo, akatupa filta, akazipima nozeli moja moja. Nozeli nzuri hunyunyiza kama ukungu, mbovu inakojoa tu. Nne kati ya sita zilikuwa zinakojoa. Kisha akaitoa pampu yenyewe, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, akaigeuza, nami nikainama kuangalia alama yangu.

Mistari ilikuwepo mitatu. Lakini Ouko, haikuwa yangu. Mimi nachora kama mtu aliyetoka kwa chang'aa, unajua. Hii ilikuwa imenyooka, imepimwa, kama ya mwalimu. Na ni mikono yako tu iliyowahi kuitoa pampu ile. Salim akauliza, "Mzee, vipi?" Nikasema hakuna kitu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuita mwizi, Ouko. Kwanza kimoyomoyo pale juu ya stuli, halafu kwa sauti nikiwa peke yangu njiani. Hata ugali tuliokula sahani moja niliuona una hila.

Kesho yake nikaenda kwenu Ndhiwa na sukari na mkate, kama mgeni mwema, kumbe nimekuja kupekua. Lori lako bado liko juu ya mawe, pacha wa langu, lile ulilosema utalifufua ukistaafu. Mama Atieno, mke wako, alinikaribisha vizuri, na kabla sijauliza lolote akaanza yeye. Alitaka kuliuza lile lori. Mnunuzi akaangalia injini, akakuta pampu haipo. "Shem, mwizi tuko naye hapa hapa nyumbani," akaniambia. Anasema ni Odongo, mdogo wako, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lori. Odongo ameapa, hakuna anayemsikiliza. Haji tena kula pale, na watoto wake wamekatazwa kuvuka ua.

Akatoa gunia la vyuma vyako, akaniomba nimchagulie vya kuuza kama skrapu. Chini kabisa, imefungwa kwa ovaroli yako, nikaikuta pampu yangu. Mistari yangu mitatu, ya kilevi. Na ubavuni ufa, toka juu hadi chini, ufa wa kitu kilichoangukia sementi.

Hapo nikaikumbuka ile siku. Siku moja tu katika miaka yote niliondoka kwenye stuli, nilipopigiwa simu kwamba ng'ombe wangu wameingia shamba la jirani, nikatoka barabarani kupiga kelele. Niliporudi jasho lilikuwa likikutoka. Ukasema, "Omera, rudi kesho, leo hiyo kitu bado." Ukakataa chai. Wewe, kukataa chai! Nilishuku, naam, lakini nilishuku kwamba unavuta kazi iwe ndefu.

Kumbe uliiangusha. Ukaenda kwenu ukaing'oa ya lori lako, ukanifungia mimi, ukaikwaruza alama yangu ili nisijue. Ukabaki na lori lisiloweza kuwaka mpaka ukafa. Na yote ni kwa kuwa uliniogopa. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe. Nilidhani nimekaa pale kulinda mali, kumbe nilikuwa nimemkalia rafiki yangu shingoni.

Na nikuambie lililo baya zaidi, maana nisipokuambia wewe nitamwambia nani. Mama Atieno aliuliza, "Hiyo ni nini, shem?" Nikasema ni chuma kilichokufa tu. Nikaifunga tena, nikairudisha guniani. Nilijua nikifungua mdomo itabidi niirudishe pampu yako, na lori langu linabaki juu ya mawe, na msimu wa mahindi ndio huu. Nikanywa chai yake. Nikitoka, Odongo alipita njiani akanisalimia, nami nikamwitikia. Leo ni siku ya nne.

Basi sikiliza. Jumamosi nakuja kwenu. Salim ameshaisafisha pampu yako na kuipima, inafanya kazi kama mpya. Nitaibeba mwenyewe. Nitamwomba mama Atieno amwite Odongo, na wazee, na yule jirani anayependa kusikiliza nyuma ya ua, nami nitasema mbele yao wote: pampu ilikuwa kwangu, Odongo hakuiba, na Ouko hakuiba. Watanishuku mimi. Watasema rafiki ndiye aliyeiba, akaogopa marehemu. Wacha waseme, bora Odongo arudi mezani kwa ndugu yake. Nakuahidi hilo, na safari hii sina pa kujificha.

Lala salama, omera. Lakini ungeniambia. Ningepiga kelele mpaka watu wa soko wajae, ningekutukana Kikuria chote ninachokijua, na wewe ungenijibu kwa Kijaluo. Halafu njaa ingetushika, tungekwenda kula.

Mwita