Watu Thelathini na Mmoja wa Kakuma

Lodwar,
14 Novemba 2013

Dada yangu Awoi,

Ejok, nakusalimu. Mimi ni mzima, ila jua la huku limenipunguza unene ambao sikuwa nao. Wewe je, mgongo bado unakusumbua ukiinama kupanga samaki? Watoto wanakula? Mama msalimie sana. Ningepiga simu, lakini wewe kwa simu huanza kugomba kabla mtu hajamaliza, ndiyo maana nimempa dereva wa lori la samaki barua hii.

Mlinituma mkutano wa kaunti nikatetee soko, kwa sababu ninyi hamngeweza kuacha meza zenu, na kwa sababu kwetu ni mimi peke yangu niliyefika darasa la saba. Basi jua kwamba hamkukosea.

Ukumbi ulijaa wafanyabiashara, wengine na tai kwa joto lile. Karani wa kamati, Madam Nekesa, alitusomea mpango: soko la Kakuma litolewe kando ya barabara, lihamie ng'ambo ya laga, ule mto wetu wa mchanga mkavu. Akasema huko kuna nafasi na hewa safi. Nilisimama hata hajakunja karatasi. Nikamwambia mvua ikinyesha laga ile hujaa mpaka malori yanalala hapo siku mbili, kwa hivyo samaki wa dada yangu wataozea ng'ambo huku wanunuzi wakipunga mikono upande huu. Nikamwambia wateja wa Mukendi, yule Mkongo wa vitenge, hutoka kambi ya wakimbizi kwa miguu, na sijaona mama wa kuogelea kwa ajili ya kitenge. Watu walicheka mpaka waheshimiwa wenyewe. Madam akaandika kila neno. Ungenisikia, ungeacha kuniita mdomo bure.

Jana ripoti ilibandikwa ukutani nje ya ofisi. Niliisoma mara tatu, nikidhani Kiingereza changu ndicho kibaya. Inasema kutoka Kakuma walihudhuria wafanyabiashara thelathini na mmoja, na aliyepinga mpango ni mmoja. Wale wengine wamehesabiwa kuwa wamekubali. Kura inapigwa Jumanne.

Utauliza hao thelathini ni akina nani, na mimi sina pa kujificha. Ni ninyi. Kabla mkutano haujaanza, Kipkemboi, mwenye duka la mabati hapa, alichungulia karatasi ya mahudhurio akaniuliza kama Kakuma siku hizi ni mji ama ni jina langu la utani. Watu wa Kalokol walikuwa kumi na wawili, mimi niko peke yangu kama mbuzi aliyepotea. Nikaona aibu. Nikarudi kwa ile karatasi, nikaandika kila mtu wa soko letu niliyemkumbuka, na sahihi nikawawekea. Ya Mukendi niliipamba kidogo. Wewe ni namba mbili, chini yangu tu. Nilidhani nawaongezea nguvu, kumbe nimewaleta Lodwar mkae kimya.

Asubuhi hii nilimwendea Madam nikamwambia yote. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema hawezi kufuta majina kwa neno la yule yule aliyeyaandika. Wenyewe lazima wafike mbele ya kamati Jumatatu saa nne, kila mtu na kitambulisho chake, waseme hawakuwepo na hawataki kuhamishwa.

Kwa hivyo, dada, funga meza. Ongea na Esekon awabebe kwa lori lake, na akina mama wote waje, hata wale ambao hamsalimiani. Najua siku moja bila kuuza ni siku ya njaa. Lakini kamati ikiuliza ni nani aliyewaandika, msinifunike, nionyesheni kwa kidole. Kipkemboi atakuwepo, na atacheka. Acha acheke.

Wasalimie majirani wote wa sokoni, ukianza na Mukendi, na umwombe asinipige hadharani. Mungu awalinde njiani. Usihangaike kunijibu, njoo tu.

Mdogo wako,
Ekwam